Kaseti ya Harusi ya Nyakabiga

Kwenye mkataba wangu wa kazi niliandikwa kwa Kifaransa kwamba mimi ni expatriée. Sikujua Kifaransa wakati ule. Nilimwomba karani wa ofisi anieleze, akasema ni mtaalamu aliyetoka nje, mtu wa kupewa nyumba na gari la kumchukua asubuhi. Nililipenda neno hilo kupita kiasi. Nilimwandikia mama yangu Tanga, nikalirudia mara tatu katika barua moja, na mama akalitangaza mtaa mzima ingawa ulimi wake haukuweza kulitamka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimesomea Dar es Salaam kazi ya kupiga picha na kutengeneza filamu, nikaajiriwa Bujumbura na ofisi ya wageni iliyotengeneza filamu fupi za afya. Kuchemsha maji ya kunywa, kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, mambo kama hayo. Tulikwenda kuzionyesha kwenye madarasa ya shule. Pale Carama tuliziba madirisha kwa mikeka ili kupata giza, watu wakatoka mashambani na majembe yao, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Walipomwona jirani yao anaosha mikono, mikono mikubwa kama ukuta, walicheka mpaka mwalimu akafungua mlango kuona kuna nini. Kama mtu ataniuliza nilikuwa na furaha lini, nitamjibu ni pale, katika lile darasa lenye joto.

Haikuchukua miaka miwili. Wiki ile Rais alipouawa, ofisi ilijaa maboksi na simu. Mkurugenzi wetu, Mzungu mwenye ndevu ambaye hakuwahi kunigombeza, alikuwa na karatasi yenye majina ya watakaopanda ndege. Nilisimama mbele ya meza yake nikisubiri anitajie saa ya kuondoka. Akaniangalia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Wewe ni Mtanzania," alisema. "Nchi yako ipo hapo jirani tu."

"Lakini mkataba wangu…"

"Ndiyo, ndiyo. Tutunzie vifaa mpaka tutakaporudi."

Wakaondoka. Nikatunza vifaa. Hawakurudi, wala hakuna aliyeandika kuulizia kamera, achilia mbali kuniulizia mimi.

Ningeweza kupanda meli kwenda Kigoma. Wengi walifanya hivyo. Mimi nilikaa, na nisijisingizie ushujaa: niliona aibu. Mama alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba binti yake ni yule mtu wa neno lile gumu. Ningerudi na sanduku moja na kusema nini? Halafu nilijidanganya kwamba vita havikuwa vyangu. Wahutu na Watutsi walikuwa wanauana, mimi sikuwa huyu wala yule. Nilikuwa na pasipoti ya rangi nyingine mkobani, na niliitembeza mjini kama mwavuli.

Aliyenipa mahali pa kufanyia kazi ni mjane mmoja wa familia ya Waarabu waliotoka Omani zamani, wenye duka la vitambaa karibu na soko kuu. Nyuma ya duka lake palikuwa na chumba kilichokuwa stoo. Nilitundika pazia la bluu kwa ajili ya picha za vitambulisho, nikaweka televisheni na video deki mezani, nikaziba kona moja kuwa chumba cha giza cha kusafishia picha. Mjane aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza. Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha, lakini aliniletea wateja. Wanawake waliokuja kununua vitambaa vya harusi aliwaambia, "Hapo nyuma kuna mwanamke wa kutoka pwani, anachukua video, na kwa kuwa ni mwanamke mwenzenu ataingia mpaka chumbani kwa bibi harusi." Kazi ikaja.

Bibi harusi ninayetaka kumsimulia alikuwa muuguzi, mzaliwa wa mtaa wa Nyakabiga. Alikuja akiwa bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Alikuwa Mtutsi, na mwanamume aliyekuwa anamwoa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa Mhutu wa Kanyosha, kusini mwa mji. Alinieleza hivyo mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kipimo cha gauni.

"Watu wanasema tungoje vita viishe," alisema. "Mi nimengoja ya kutosha. Dada, nataka ufilime kila mutu. Kila mutu aonekane. Watoto wetu wakizaliwa waone kama watu wote walikuya."

Nilimwambia nina njia nzuri zaidi. Dar es Salaam nilimwona fundi mmoja akiwapa wageni kipaza sauti, kila mmoja anataja jina lake na mahali anapokaa, kisha anawatakia maharusi heri. Kwa njia hiyo hata baada ya miaka thelathini hakuna atakayeuliza, huyu ni nani. Bibi harusi alipiga makofi. "Hivyo hivyo," alisema.

Lilikuwa wazo langu. Sikuombwa.

Harusi ilifanyika Nyakabiga, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya safu ya maduka, saa za mchana ili watu wawahi kurudi makwao. Walikuja kweli. Walikuja wa Kanyosha kwa lori, wamesimama, wanawake wameshikilia vitenge visichafuke. Alikuja shangazi wa bwana harusi kutoka Carama. Walikuja walimu wenzake bwana harusi na wauguzi wenzake bibi harusi. Mwanzoni walikaa upande huu na upande ule, wamebana magoti, kila upande ukitazama mlango. Hotuba zikawa ndefu, kama zilivyo hotuba za huko, mzee akishukuru mzee mwenzake kwa kuzunguka sana. Halafu bia zikaletwa na mirija yake, mishikaki ikapita, na mimi nikaanza kuzunguka na kamera begani na kipaza sauti mkononi.

Waliona haya kidogo, kisha wakaona raha. Kila mmoja alisema. Jina, baba yake nani, anakaa mtaa gani. Nilipofika kwa kaka mkubwa wa bwana harusi, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia lango, aliushika mkono wangu pamoja na kipaza sauti.

"Mi ni mukubwa wa huyu mutoto," alisema akimwonyesha bwana harusi. "Nakaa Kanyosha, pale chini ya kinu cha unga, mulango wa bleu. Mutu akisikia njaa, akuye! Usiku, muchana, akuye tu! Ugali iko!"

Ukumbi mzima ulicheka, pande zote mbili. Nilicheka na mimi, na kwenye mkanda pale unapofika, picha inatikisika.

Niliihariri kaseti ile kwa wiki mbili, nikijivuna. Niliwapa maharusi nakala yao, na ile ya asili nikaibakiza kwenye rafu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Baada ya hapo mitaa ya Bujumbura iligawanyika. Nisielezee sana, wenye kujua wanajua. Mtu alikwenda kulala kwake na asubuhi akaambiwa kwake si kwake. Nyakabiga wakabaki Watutsi peke yao. Wahutu walionusurika wakakimbilia pembezoni, wengine vilimani, wengine ng'ambo ya ziwa, Uvira. Maharusi walikuwa wamehamia Kanyosha, kwenye ua wa familia ya mume, pamoja na mama mkwe, yule kaka dereva na dada yao mdogo. Bibi harusi aliendelea kuja mjini kazini, kliniki, siku ambazo barabara ilipitika.

Siku moja walikuja studio wanaume watatu, mara tu baada ya chakula cha mchana. Mmoja alivaa miwani na tai, na kwapani alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Wa pili hakusema kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tatu nilimfahamu: alikuwa jirani wa kina bibi harusi kule Nyakabiga, alikuwepo ukumbini siku ile, alicheza vizuri kuliko wote.

"Madame, samahani kwa kukusumbua," alisema mwenye tai. "Tunaomba kuangalia kaseti ya ndoa. Huyu ndugu yetu anasema uko nayo."

"Kaseti niliwapa wenyewe," nilisema.

"Ya kwanza unabakiaka nayo," alisema yule jirani, kwa upole kabisa. "Uliniambia we mwenyewe siku ile."

Kweli nilimwambia. Alikuwa ameniuliza kuhusu kazi yangu, na mimi napenda kuulizwa kuhusu kazi yangu.

Wanaosimulia mambo kama haya husema walionyeshwa bunduki. Mimi sikuonyeshwa. Walikaa kwenye benchi la wateja wakiweka mikono magotini. Mwenye tai alisema tu, "We ni mugeni hapa, Madame, tunakulinda." Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Nikaingiza kaseti kwenye deki. Rimoti niliishika mimi, kwa sababu wao hawakujua kuitumia, na mimi sikutaka mtu aniharibie mashine.

Naandika hivyo: sikutaka mtu aniharibie mashine. Ndiyo hofu niliyoikumbuka kwanza.

"Simamisha," alisema mwenye tai.

Nikasimamisha.

"Rudisha kidogo. Jina lake anasemaje?"

Nikarudisha. Aliandika jina, akaandika mtaa. Tuliendelea hivyo mpaka jioni. Yule jirani alipojiona anacheza alicheka, akampiga mwenzake bega. Mama yake bibi harusi alipotoa maneno ya kumuaga binti, mwenye tai alivua miwani akaifuta, na naapa macho yake yalikuwa na machozi. Niliwapikia chai. Sijui kwa nini niliwapikia chai. Nilizoea kumpa chai kila anayekaa kwenye lile benchi.

Mkanda ulipoisha, mwenye tai alipitia daftari lake kwa kalamu. "Rudisha kwa yule wa mulango wa bleu," alisema. "Sikusikia vizuri, chini ya nini?"

Nikamtafuta. Akaja na sauti yake, chini ya kinu cha unga, akuye tu. Nikasimamisha picha hapo. Wakanyanyuka, wakanishukuru, wakanipa mikono mmoja mmoja. Kaseti hawakuichukua, walishapata walichokitaka.

Nilikwenda mbele dukani nikamweleza mjane. Alikuwa anakunja kitambaa, hakuacha kukunja.

"Binti yangu," alisema, "funga chumba uende ukalale. Hukuona mtu, hukusikia mtu. Wallahi, sisi tuko hapa miaka mia na bado ni wageni. Sembuse wewe?"

Asubuhi nilikwenda kliniki. Hilo nilifanya, na kwa miaka mingi nimejipa sifa kwa hilo. Bibi harusi alitoka mlango wa nyuma akikausha mikono.

"Kuna watu walikuja kuulizia kaseti yenu," nilimwambia.

Uso wake ulibadilika pale pale. Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa jana yake.

"Uliwaonyesha?"

Kama ningesema ndiyo, angekwenda Kanyosha siku ile ile. Shemeji yake angepakia familia nzima kwenye lori akapotea. Shangazi wa Carama angepata habari. Wale walimu nao. Neno moja tu, na lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale ya siku aliyokuja mlangoni kwangu na viatu vyake vyeupe, na sikutaka aache kunitazama hivyo.

"Apana," nilisema, kwa Kiswahili chao. "Niliwaambia nimeifuta."

Akashusha pumzi. Akanikumbatia. "Mungu akubariki, dada," alisema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Kaka dereva alichukuliwa nyumbani kwake siku ya Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Walikuja na gari hadi mlango wa bluu, hawakuuliza njia kwa mtu yeyote. Mwili uliokotwa siku ya pili kando ya barabara ya kwenda ziwani. Wengine waliokuwa kwenye lile daftari sijui yaliwapata yapi. Shangazi wa Carama sikumwona tena, lakini Carama nzima ilikuwa imetawanyika, na katika mji ule kutomwona mtu hakukuwa na maana moja. Nasema ninachokijua. Namjua mmoja.

Siku ya tatu bibi harusi alikuja studio na wifi yake, yule dada mdogo. Wote walikuwa wamefunga vichwa kwa vitambaa vya msiba. Walitaka picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Hakuwa na picha nyingine zaidi ya ile ya kitambulisho, na kitambulisho kilipotea naye.

"Uliniambia uliwadanganya tu, kaseti bado iko," bibi harusi alisema. Hakuwa anauliza.

"Bado ipo," nilisema.

Niliingiza kaseti. Mimi huwa naurudisha mkanda mwanzo kila ninapomaliza kazi, ni tabia ya fundi. Ule sikuwa nimeurudisha tangu waondoke. Televisheni ilipopata picha, alikuwa yeye, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, anacheka. Dada mdogo alipiga ukelele akafunika uso. Bibi harusi hakulia. Aliangalia deki, akaangalia televisheni, kisha akaniangalia mimi, na mimi nikajifanya nafunga kamera kwenye stendi.

Nilipiga picha ile kutoka kwenye kioo cha televisheni, nikaisafisha, nikaikuza. Ilitoka na mistari mistari, lakini alikuwa yeye. Mama mkwe alisema hajawahi kuona picha nzuri kama ile. Niliambiwa hivyo, na nikaambiwa kwamba alinibariki.

Sasa lililofuata ndilo linalonichoma kuliko yote. Kwenye lile gari lililokuja kumchukua, watu wa Kanyosha walimtambua mmoja: yule jirani wa Nyakabiga, aliyecheza harusini. Habari ikafika kwa mama mkwe, na mama mkwe akajumlisha mwenyewe. Nani mwingine nyumbani kwake alitoka Nyakabiga? Nani alikwenda mjini kila siku na kurudi? Walimfukuza bibi harusi mvua inanyesha, na mfuko mmoja. Mume wake alinyamaza. Wiki chache baadaye alivuka kwenda Uvira, akaandika barua mbili, kisha hazikuja tena. Nyakabiga nako hawakumpokea vizuri, walimwita mke wa wale. Alipanga chumba karibu na kliniki, akaishi humo peke yake.

Habari hizi zilinifikia kipande kwa kipande kutoka kwa mjane mwenye duka, ambaye alisikia kila kitu. Kila kipande nilikipokea, nikatikisa kichwa, nikasema, "Masikini." Nilijua asiye na hatia ni nani. Nilijua mlango wa kugonga. Sikwenda.

Niliendelea kufanya kazi. Vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilipokuja, mipaka ikafungwa, Tanzania ikiwa mbele ya wote, wateja walinichukia waziwazi. "Nchi yenu inatunyima mafuta na sukari," walisema wakikaa mbele ya pazia la bluu, nami nawaambia wainue kidevu. Nilikasirika sana wakati huo. Nilijiona mtu anayebebeshwa lawama asizostahili, na nilimlalamikia mjane kutwa nzima juu ya dhuluma hiyo. Leo nikikumbuka naona aibu kuliko nilivyoona aibu ya kurudi Tanga.

Wageni walirudi mjini mazungumzo ya amani yalipopamba moto, ofisi mpya zikafunguliwa, nikapata tena kazi ya filamu. Nilitengeneza filamu kuhusu maridhiano. Niliwapangia watu wakae wawili wawili kwenye viti, huyu wa upande huu na huyu wa upande ule, nikawawashia taa nikawauliza, "Je, umemsamehe?" Nilikuwa hodari. Ofisi moja iliniandikia barua ya pongezi.

Bibi harusi aliingia studio miaka minane baada ya kifo kile. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zina mvi mbele. Alitaka picha za pasipoti. Ndugu yake mmoja wa Kanada alimpatia karatasi.

Nilimkalisha mbele ya pazia. Niliinama kwenye kamera, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuweza kuona kitu kwenye kioo.

"Niliwaonyesha," nilisema, bado nimeinama. "Kaseti. Wale watu. Niliwaonyesha yote."

"Najua," alisema.

Nikanyoosha mgongo.

"Siku ile ya picha," alisema. "Uliweka kaseti, ikaanzia kwake. Mutu mwingine ndiye aliisimamisha pale. Mi si mujinga, dada."

"Kwa nini hukuwaambia wakwe zako?"

"Nani angeniamini? Wangesema natafuta mutu wa kumubebesha. We ndiye ungesema. Nilikungojea." Alijipangusa shingo. "Mwaka wa kwanza nilikungojea kila siku. Gari ikisimama inje, nasema, ni ule dada. Kisha nikachoka."

Nilianza kusema nisamehe. Aliinua mkono wake, kama anavyomnyamazisha mgonjwa.

"Apana. Usianze hiyo. Hiyo ya filime zako, mi sitaki. Nenda Kanyosha useme. Kwa mama mukwe, si kwangu." Kisha akakaa sawa, akaweka mikono mapajani, akatazama lenzi. "Piga picha, nina haraka."

Nilipiga. Nilimpa nne, akazitia kwenye bahasha, akaondoka bila kugeuka.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda Kanyosha kesho yake. Wiki ile risasi zilianza tena kwenye vilima vya juu ya Kanyosha, na watu walikuwa wanashuka mjini na magodoro kichwani. Nikasema, nitangoja patulie. Pakatulia, nikasema nina kazi ya filamu. Nilipokwenda hatimaye ilikuwa miezi mitatu imepita, na siku ile ile asubuhi, mjane wa duka aliniambia bibi harusi alishasafiri tangu mwezi uliopita.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine, kijivu. Mama mkwe alikuwa amekaa uani akichambua maharage, mdogo, mkavu, macho yameingia ukungu. Dada mdogo, sasa mwanamke mzima mwenye watoto, ndiye aliyenitambua. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo nilisema na dada akatafsiri kwa Kirundi.

Nilieleza tangu mwanzo. Wanaume watatu, daftari, rimoti. Dada alitafsiri nusu, akanitazama, kisha akamalizia kwa sauti ya chini. Mama aliendelea kuchambua maharage. Nikadhani hakusikia. Halafu aliweka ungo chini, akasema maneno machache.

"Anasema," dada alisema, "miaka yote hii akisali anamulaani ule mwanamuke. Kila asubui. Anauliza sasa atayarudisha namna gani hayo maneno."

Mama akaongeza neno.

"Anauliza yuko wapi, amufuate amwambie."

"Kanada," nilisema. "Sina anwani."

Dada hakuitafsiri. Haikuwa lazima, mama alilisikia lile jina la nchi. Alisema neno moja, na hilo nilielewa bila msaada. Aliniambia nitoke.

Dada alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa, hata wa namna hiyo. Tulipita mahali palipokuwa na kinu cha unga, sasa kuta tupu zisizo na bati. Nilitarajia anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana. Tulipofika penye lami alisimama, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Wanaandikisha watu wa kupiga kura," alisema. "Wanataka picha ya karte ya kura. Kesho unafungua?"

"Nafungua," nilisema.

Alikuja, saa mbili asubuhi, kabla ya foleni. Alikaa mbele ya pazia, nikamwambia ainue kidevu kidogo, akainua. Nikapiga. Mlangoni wengine walikuwa wameanza kusubiri.